Kawaya Nilikokata Pipeline

Mimi ni fundi wa mtandao, na mdomo wangu umeizidi mikono. Nikikosolewa kazi napanda juu mara moja, naanza kumfundisha mtu. Ndivyo nilivyomfanyia yule mama wa ghorofa ya tano kule mtaani Pipeline, na hadi leo nikipita barabara ile naona aibu.

Tulipewa ploti nzima, jengo la ghorofa la wapangaji, tuiwekee intaneti. Nyaya zilikuwa nzuri, zile zilizovikwa foili ndani ili umeme wa nyaya zilizo karibu usiingilie mawasiliano. Lakini foili peke yake haitoshi. Imelala na kawaya kembamba, kasiko na ngozi, ambako hufungwa kwenye kichwa cha chuma mwishoni mwa waya na kuunganishwa mpaka ardhini. Vichwa vya chuma vilikuwa vimeniishia. Nilikuwa na mfuko wa vile vya plastiki, na kawaya kale kananisumbua tu. Nikakakata. Kisha, kwa uvivu wa kutoboa ukuta upya, nikazipitisha nyaya zangu kwenye bomba lile lile lenye waya wa umeme wa pampu ya maji, ile ambayo keateka, mtunzaji wa jengo, huiwasha. Taa za vifaa zikawaka kijani. Nani angejua?

Yeye alijua. Alikuwa karani aliyeachishwa kazi, analea watoto wawili peke yake, na baada ya kuhangaika miezi mingi alikuwa ameitwa usaili wa kazi, ule wa kufanywa kwa video. Akanipigia simu wiki moja kabla.

"Fundi, kila keateka akiwasha pampu, intaneti yangu inapotea. Njoo uangalie, nakuomba."

Nilicheka. Haki ya Mungu, nilimcheka kwenye simu. "Mama, maji na intaneti wapi na wapi? Hiyo kompyuta yako imezeeka."

"Lakini mimi naona..."

"Kwani fundi ni nani hapa, mimi au wewe?"

Akakata simu.

Pipeline maji hayana ratiba. Yakifika mferejini chini, keateka hukimbia kuwasha pampu ajaze matangi ya juu kabla hayajakatika, hata kama kuna msiba. Siku ya usaili yakaja saa nne asubuhi, naye mama yuko katikati ya swali la pili. Picha ikaganda, sauti ikakatika. Alipofaulu kurudi hewani, wale wasaili walikuwa wameshamwita mwingine. Haya alinieleza kwa simu, bila kufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningejua la kujibu.

Kesho yake nilienda bila kuitwa, nikamwambia ni ukaguzi wa kawaida tu. Nikafungua kisanduku cha ukutani, nikakiona kile kisiki cha kawaya nilichokiacha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafanya kazi mpaka alasiri: nikazitoa nyaya kwenye bomba, nikazipitisha kwingine, nikafunga vichwa vya chuma kama nilivyofundishwa, nikaunganisha na ardhi. Nilijiapiza kwamba nikimaliza nitamwambia ukweli wote.

Nilipomaliza, akawasha kompyuta yake akafungua video. Huko chini pampu ikaanza kunguruma. Tukaitazama ile video pamoja, picha inakwenda safi, haikwami hata mara moja.

"Kumbe kweli haikuwa pampu," akasema polepole. "Ni hii kompyuta yangu takataka, siku ile iligoma yenyewe tu. Na mimi nimekusema vibaya kwa keateka, nikamwambia wewe ni fundi bandia. Nisamehe, fundi."

Nikawaza keateka atasema nini akisikia ukweli. Nikawaza ploti za jirani nilizokuwa nimeahidiwa kazi. Yeye alikuwa bado ananitazama, anangoja, machozi yanamlengalenga.

Nikamwambia nimemsamehe.