Mafuta Kutoka Riyadh

Juma lililopita binamu yangu alinitumia video ya mtaa wetu wa zamani, Kandara ya Jeddah: matingatinga, vumbi, na ukuta mmoja uliobaki na vigae vya kijani. Vilikuwa vigae vya jikoni kwetu. Nikaketi, rafiki yangu, na kilichonijia puani hakikuwa vumbi bali harufu ya mafuta.

Nilikuwa msichana mdogo. Baba alitengeneza viyoyozi Jeddah, na kafili wake, mdhamini wake wa kazi, alimruhusu kutuleta. Ilikuwa miaka ile maajenti walipowasafirisha Wakenya kwa wingi, na kila Ijumaa baadhi yao walijibana sebuleni kwetu kusali. Ibada kama hiyo haikuruhusiwa, kwa hiyo mama aliwasha mashine ya kufulia ili kelele zake zifunike nyimbo. Mpaka leo nikisikia mashine ikizungusha nguo, mimi hushusha sauti.

Kiongozi wetu tulimwita Pasta, ingawa hakuna aliyemwekea mikono. Alikuwa mlinzi wa ghala, ana sauti nzuri, tukakubaliana basi.

Orofa ya chini aliishi bibi Mwarmeni kutoka Beirut, mshonaji. Mjukuu wake mchanga alizaliwa na tundu moyoni na upasuaji ulikuwa umekaribia, naye hajabatizwa. Siku hizo majani ya mzabibu aliyopika yalisahauliwa yakaungulia sufuriani, harufu ikapanda hadi kwetu.

Pasta alishuka kwake, mama na mimi nyuma yake. "Mama, nipe mtoto. Maji si yapo?"

"Maji yapo," bibi alijibu kwa Kiarabu, mama akitafsiri. "Mkono haupo."

Akamwaga vifungo vyake vya kushonea mezani, akavipanga kwa ngazi. Kifungo kikubwa cha shaba kilikuwa Katolikosi, mkuu wa kanisa lao, anayebariki mafuta matakatifu. Chini yake maaskofu, ambao hawaoi. Kisha mapadre, na wale wa mtaani huoa kabla ya kupewa daraja. Kisha mashemasi. Ni padre anayempaka mtoto mafuta yale. Bila hayo, kwa bibi, mtoto bado yuko nje.

"Na hivi?" Nilionyesha vifungo vidogo vyeupe.

"Ndio sisi. Padre wa parokia tunamchagua, na wajumbe wetu huketi na maaskofu kumchagua Katolikosi."

Pasta alicheka. "Kumbe mnapiga kura! Mimi pia nilichaguliwa."

"Umechaguliwa, mwanangu. Hujapakwa."

Siku chache baadaye bibi alipanda ngazi akihema: padre wao alikuwa ameingia Riyadh kama mgeni wa mfanyabiashara wa viatu, na angefika Ijumaa. Alikuja na suti ya kijivu, mafuta yakiwa ndani ya kichupa cha dawa ya macho. Kwa kuwa kwetu ndiko kulikokuwa na mashine, mtoto alipandishwa juu. Pasta akawekwa mlangoni. Alinuna, mlango alidhani ameuacha kazini.

Padre alibatiza, kisha akaanza kupaka: paji, macho, masikio. Chumba kikanuka maua nisiyoyajua. Hapo mlango ukagongwa.

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja chenye sabuni.

"Maji yenu yanadondoka chini!" Alikuwa haris, mlinzi wa jengo.

Pasta alifungua kidogo, akaziba uwazi wote kwa kifua. "Mafi mushkila," alisema kwa Kiarabu chake cha ghalani, "hakuna shida, ndugu yangu. Mashine mbovu. Nitapiga deki mwenyewe."

"Mbona mko wengi? Viatu vimejaa mlangoni."

"Tumemjulia hali mtoto mgonjwa."

Mtoto akalia papo hapo, kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Haris alirudi hatua moja. "Halas, basi. Lakini zimeni hiyo mashine." Nyayo zikashuka.

Mashine ilizimwa. Padre alimalizia kwa kunong'ona, hadi nyayo za mtoto. Kisha akamwendea Pasta.

"Kwetu," alisema, mama akitafsiri tena, "kabla ya shemasi, kabla hata ya msomaji, kuna daraja la bawabu. Askofu humkabidhi ufunguo wa kanisa. Wewe ufunguo hukupewa. Kazi umeifanya."

Pasta alijifuta jasho. "Kwa hiyo mimi niko chini kabisa."

"Sote huanzia hapo," padre alimjibu.

Mtoto alipona, wakarudi Beirut. Ikama ya Pasta, kibali chake cha kuishi, iliisha, akaondoka. Simu yake haipatikani tena. Video ile nimeirudia mara nyingi, nikiisimamisha kwenye ukuta wetu. Vigae vipo. Mlango haupo.