Masikio ya Punda Kando ya Mlango

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na aliamini kipimo kuliko maneno. Mteja akiapa kwamba hajanenepa, shangazi alimzungushia tepu kiunoni kwanza, ndipo akamjibu. Alimshuku muuza vifungo, alimshuku muuza maziwa, na tangu kaka yake, yaani baba yangu, alipofariki, alimshuku zaidi mama yangu.

Nyumba zetu zilitenganishwa na uzio wa mabati wenye mlango mdogo ambao baba aliutengeneza, hauna hata komeo. Utoto wangu wote niliupitisha hapo. Mama akinichapa, nilikimbilia kwa shangazi. Shangazi akininunia, nilirudi kwa mama.

Kando ya mlango huo, kwenye udongo wa kokoto ambao hata mchicha uliukataa, shangazi alikuwa na mmea wake wa fahari. Jina lake la vitabuni hatukulijua. Tuliuita masikio ya punda kwa ajili ya majani yake makubwa, yenye manyoya laini ya rangi ya fedha. Mwaka wa kwanza majani hulala chini, yamejipanga kwa duara. Mwaka wa pili huchomoza shina moja, refu kumpita shangazi na kilemba chake, limejaa maua ya manjano. Wapita njia walisimama kuutazama, naye alijifanya hawaoni.

Halafu ulikufa. Kila mmea uliomaliza kuchanua ulikauka ukiwa wima. Shangazi alisema kitu chenye afya namna ile hakifi bure, lazima kuna mkono wa mtu.

Mkono wenyewe hakuutafuta mbali. Mama alikuwa msusi, na maji ya kuoshea vichwa vya wateja aliyamwaga karibu na uzio.

"Kikulacho ki nguoni mwako," shangazi aliniambia, akikata uzi kwa meno.

Akanituma nichunguze mikono ya mama, kwa kuwa manyoya ya majani yale huwasha ngozi ya anayeyashika. Mtu mzima mimi, nina mtoto wangu, natumwa kumpeleleza mama yangu mzazi! Nilikasirika, lakini nilichunguza. Mama alikuwa anajikuna hadi viwikoni. Niliinyamazia habari hiyo, nami usingizi ukanipaa. Haikusaidia. Shangazi alimwona mwenyewe dukani akijikuna, akapitiliza moja kwa moja kwa fundi mwashi.

Ulitakiwa ukuta wa matofali, bila mlango. Mama alipopata habari alisema tu kwamba mwenye kwake hazuiwi kujenga, akaendelea kusuka, ila siku hiyo wateja walilalamika kwamba anawavuta nywele. Mimi niliumia. Mlango ule ulikuwa kazi ya mikono ya baba.

Asubuhi ya ujenzi, mwashi akiwa anachanganya saruji upande wa barabarani, shangazi alijificha nami nyuma ya pazia la chumba cha cherehani. Za mwizi arobaini, alisema. Mara mlango wa uzio ukafunguka. Mama akasimama kizingitini, akatazama kushoto na kulia, akaliinamia shina lililokauka. Shangazi alitoka na mkasi mkononi, nami mbio nyuma yake.

"Wifi, leo nimekukamata. Unautilia nini mmea wangu?"

Mama alifungua kiganja. Kilikuwa na chembe za kahawia, ndogo kuliko chumvi.

"Siutilii kitu. Ni mbegu zake. Huu ukishachanua umemaliza kazi, hufa tu, hata uupeleke hospitali. Nazikung'uta hizi juu ya udongo, uote mwingine."

"Mbegu napanda mimi, kila mwaka."

"Wewe unazifukia kama maharage, wifi. Hizi zikikosa mwanga haziamki. Nilikuambia, ukasema nikasuke vichwa."

Shangazi alikwenda kwenye vishimo vyake karibu na jikoni, akavikagua kimoja kimoja. Havikuwa na hata jani. Akarudi mlangoni, palipotapakaa miche ya rangi ya fedha. Akavua tepu shingoni. Akapima kutoka kizingitini hadi mche wa mbali kabisa, kisha akapima mkono wa mama, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Mama alinyoosha mkono kama mteja. Vipimo vililingana: miche iliishia pale pale mkono wa mama ulipofika kutoka mlangoni.

Mwashi akachungulia, akauliza kama aanze kwa kuziba mlango.

"Mlango usiuguse," shangazi alisema. Akamgeukia mama. "Na wewe, siku nyingine ukija kukung'uta, niite. Nataka nione kwa macho yangu."

Mama alimwambia aone sasa hivi, akammiminia nusu ya mbegu kiganjani. Shangazi alizinusa kwanza, ndipo akazimwaga.