Ufagio Uliosubiri Ndege

Fundi cherehani wa barazani kwetu hamalizi nguo bila kufagia, pini mdomoni, na ole wake atakayekanyaga alipofagia. Leo vipande vya vitambaa vimemfika vifundoni.

"Ufagio unaumwa?" Induben wa duka la pili akamchokoza, akiketi.

"Binti yuko angani. Dar mpaka Guangzhou, kilomita karibu elfu tisa, mwendo wa saa kumi na moja. Nikifagia kabla hajafika, namfukuza asirudi."

Saa kumi na moja zikaisha, ikaongezeka nyingine. Mara mbili alifumua pindo lilelile, akichungulia mawingu ya Uluguru utadhani ndege inapita hapo. Simu ikaita.

"Shikamoo mama, nimetua. Tulichelewa kuruka."

"Marahaba. Umekula?"

Akazitema pini kiganjani. "Induben, inua miguu nifagie."