Vijimea vya Beseni na Maji ya Mfongo

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya maji pale Moshi, Mkuu wa Maabara alinikabidhi beseni la vijimea vya kijani vinavyoelea, kila kimoja kidogo kama punje ya dengu. "Hawa ni wanao sasa," akasema. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi. Nikawaza: na nikiwaua je?

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unaweka vijimea kwenye glasi ya maji unayoyashuku, na vingine kwenye maji safi ya kulinganishia. Kama kuna dawa ya kuua magugu, vijimea vinapauka, vinaacha kuzaana, vijizizi vinakatika. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, dawa hizo zikauzwa mpaka maduka ya Himo, na vijana wa kupalilia walikuwa wamehamia mijini.

Ndipo tukaitwa Kibosho. Kando ya mfongo, mfereji ambao wakulima hugawana maji yake kwa zamu, magimbi yalikuwa yamegeuka manjano. Lawama zilimwangukia Mama Kanuti, mjane aliyenunua pampu ya kupulizia magugu shambani kwake. Walitaka kumnyima zamu ya maji.

"Pampu anayo yeye," Mwenyekiti wa mfongo aliniambia. "Maabara ya nini tena, binti?"

"Shikamoo, mzee. Naomba nichukue maji kwanza."

Nikachukua pale maji yanapotoka shamba la Mama Kanuti. Nilipofika kwenye gari moyo ukakataa, nikarudi. Nikapanda juu zaidi, kabla maji hayajafika shambani kwake, mahali ambapo hakuna kilimo, ni kingo za mfongo tu, nikajaza chupa nyingine. Mama Kanuti alinisindikiza, akinishikia mkoba.

"Dada," dereva akanitania, "wewe hata chumvi unaionja mara mbili?"

Kule maabara, vijimea vilipauka katika maji ya chupa zote mbili, na katika yale ya juu vilizidi. Nikarudia jaribio, ikawa vilevile.

"Wasiwasi wako umefanya kazi yake," Mkuu akasema kwa upole. "Nenda kawaambie."

Niliwaambia wenye mfongo: dawa iliingia majini kabla hayajafika shamba la Mama Kanuti. Bibi mmoja akaangua kicheko.

"Mwenyekiti! Ule msaragambo, mlipotoka wote kusafisha mfongo! Si mlisema kufyeka kunachosha, mkazipulizia dawa kingo zote?"

Mwenyekiti akavua kofia. "Mama Kanuti, zamu yako ni ileile. Kingo tutafyeka kwa mkono."

"Na wewe uje na panga," akajibu mjane, "usije na kofia tu."

Baadaye nilihamishwa vituo vingi, chini ya wakuu wapole na wakali. Sasa nimestaafu. Mche wa gimbi alionipa Mama Kanuti siku ile, akinishukuru kwa Kichagga, "Aika, mwanangu", umezaa vichaka uani kwangu Njoro. Kila asubuhi nayatazama majani yake kama yamepauka. Nikishaingia ndani, narudi kuyatazama tena.