Benchi la Watoto Wanne

Niliporudi Uvira safari hii nilikuta mpwa wangu anarudia darasa la sita. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata alama nzuri tangu mwanzo, mwalimu wake akimsifu, kisha katika teste ya taifa, ile inayofunga shule ya msingi, akaanguka. Karibu darasa lote lilianguka pamoja naye. Baba yake, fundi wa pikipiki na mtu wa maneno machache, alisema akianguka tena ataenda Sange kwa shangazi yake kulima mpunga.

"Mupunga hauulize mutu cheti," alisema, akarudi kwenye pikipiki yake.

Dada yangu hakutaka kusikia habari za mpunga. Yeye aliishia darasa la nne, na binti huyu ndiye anayemsomea maandishi ya dawa.

Mimi nilimaliza sekondari, na katika familia yetu hilo hunifanya mtu wa kutumwa shuleni kila ninapoonekana mjini. Nikaenda. Mwalimu, mama mtulivu mwenye chaki hadi kwenye nyusi, alinisimamisha dirishani nitazame. Watoto walikaa wanne kwa benchi, wamebanana hivi kwamba wa pembeni aliandika huku mguu wake mmoja uko njiani. Hesabu ilipotolewa, vichwa vinne viliinama pamoja.

"Watoto wangu wanajua," alisema mwalimu. "Shida, wanajua kwa benchi."

Alinieleza kwamba kila benchi lilikuwa limejigawia kazi bila kuagizwa. Kwenye benchi la mpwa wangu mmoja alikuwa wa hesabu, mmoja wa mito na majimbo, mmoja wa afya, na yeye alikuwa wa Kifaransa. Hawakunakili, mwalimu alisisitiza hilo. Kila mtoto alipata jibu lake mwenyewe, akamtazama mwenye kazi, mwenye kazi akipandisha nyusi kwamba ndiyo, aliandika. Wanne hao kwa pamoja walikuwa mwanafunzi mmoja mzuri sana. Siku ya teste walipelekwa shule nyingine, na wasimamizi wageni wakampa kila mtoto benchi lake.

Mpwa wangu alinisimulia siku hiyo kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni. Alijibu Kifaransa chote. Alipofika kwenye hesabu aligeuka kushoto. Kushoto kulikuwa na ukuta.

"Ukafanya nini?"

"Nikangojea."

"Ukangojea nini?"

"Sijue, mujomba. Saa ikaisha."

Direkta wa shule alikuwa ameshaanza dawa yake. Kila Ijumaa darasa la sita lilikaa mtoto mmoja kwa benchi. Mabenchi hayakutosha, kwa hiyo wengi walingoja zamu uani, na waliongoja walisimama madirishani wakiwapandishia nyusi waliokaa. Direkta aliridhika, maana alama zilipanda.

Nilimweleza dada yangu haya yote akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Basi umufundishe weye," alisema.

"Hesabu?"

"Hesabu anajua. Umufundishe kukaa peke yake. Nani kwetu amekaa peke yake kupita weye? Kalemie peke yako, Lubumbashi peke yako. Hata bibi uliyemuoa alishindwa kukaa na weye."

"Yule alikuwa na sababu zake."

"Minye siulize sababu. Naomba kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kwetu kuona faida ya safari zangu.

Shida ya kwanza ilikuwa mahali. Nyumba ya dada yangu, mtaa wa Songo, haina chumba kisicho na mtu. Tulijaribu ufukweni, wanawake waliokuwa wakifua walimuuliza anaandika nini, na mmoja akamsaidia kugawanya. Tulijaribu nyuma ya nyumba; jirani aliona mtoto amekaa peke yake, akadhani ameadhibiwa, akamletea ugali kwa siri. Mwishowe mchungaji akatupa kanisa siku zisizo na ibada.

Nilimkalisha katikati ya benchi refu, nikampa maswali ya miaka ya nyuma. Alipata jibu la kwanza, akanitazama. Nikapandisha nyusi bila kujijua. Akaandika.

Nikahamia nyuma yake. Akawa anageuka. Nikatoka nje kabisa. Mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja muda mrefu, kwa hiyo kazi hiyo ilinifaa; nilitembea mpaka barabarani, nikatazama malori ya kwenda Bukavu yakipakia, nikarudi. Nilimkuta ameacha hesabu zote wazi. Nilipomuuliza, alitaja kila jibu kwa mdomo, yote sahihi.

"Mbona hukuandika?"

"Hakuna mutu aliniambia ndiyo."

"Hakuna atakayekuambia."

"Hata Mungu?"

"Mungu hapandishi nyusi."

Tuliendelea hivyo wiki nyingi. Siku moja nilirudi kutoka barabarani, nikaingia mpaka katikati ya kanisa, viatu vikigonga sakafu, naye hakuinua kichwa.

"Mujomba, viatu," alisema, biki yake ikiendelea kuandika.

Nikatoka tena.

Siku ya matokeo direkta aliita uani majina ya waliopita. Wa benchi lile walipita wawili, yule wa hesabu na mpwa wangu. Dada yangu alimmwagia poda kichwani, kama wanavyofanyiwa kwetu waliofaulu, mpaka akakohoa. Baba yake alifuta mafuta mikononi, akampa mkono kama anavyowapa wateja, wala Sange haikutajwa tena.

Majirani wakajaa nyumbani. Chakula kilipoiva, mtoto hakuwapo. Dada yangu alimwona chini kwenye mawe ya ziwa, mweupe kwa poda, hafanyi chochote.

"Iko na nini?" aliniuliza.

"Hana kitu. Amekaa."

"Watu wamejaa mu nyumba sababu yake, yeye iko kule peke yake."

"Ndivyo ulivyoomba."

"Niliomba ya teste." Alifunika sufuria. "Enda umurudishe."

Nilishuka, nikakaa kwenye jiwe la mbali kidogo. Nikamwambia mama yake anamwita. Akasema anakuja, na hakuinuka.

"Mujomba," alisema baadaye, "boti ya Kalemie iko inapita kila siku?"

Nikamwambia mambo ya boti amuulize mama yake.