Paka Ndani ya Ubavu wa Gari

Wiki iliyopita nilipita Custom, pale mafundi wanapofungulia magari pembeni mwa barabara, nikasikia sauti ninayoijua: tak. Ni sauti ndogo, kavu, kama biskuti inayovunjika ndani ya mfuko wa nguo. Ni klipu ya plastiki inapoachia bati. Nilisimama juani na vitunguu vyangu mkononi, na kabla sijajua nilikuwa nimerudi mtaani kwetu Atlabara, mtoto wa darasa la pili, nimekaa chini nyuma ya gari jeupe, nalia bila sauti.

Gari lilikuwa la Mzee Adan, Msomali wa Garissa, jirani yetu mwenye duka la jumla. Alilileta mwenyewe kupitia Uganda, na alilitunza kama bibi harusi. Viti bado vilikuwa na nailoni zake. Kabla ya kupanda ulikung'uta miguu kwanza. Mjomba Wani, kaka yake mama, ndiye aliyeliendesha kusambaza unga na sukari, na alikuwa akisema humo ndani hata kupumua anaomba ruhusa.

Dukani kulikuwa na paka wa kulinda magunia. Alipozaa, Mzee Adan aliniambia nichague mtoto mmoja, atakuwa wangu akiacha kunyonya. Nilichagua mweusi mwenye mguu mmoja mweupe. Siku hiyo, mjomba akishusha magunia, yule mdogo alirukia ndani ya buti. Ubavuni mwa buti kulikuwa na tundu, maana kifuniko cha mahali pa jeki kilishapotea. Akaingia humo, akateleza chini kati ya plastiki na bati, akashindwa kupanda.

Ilikuwa mchana wa kiangazi. Ukigusa bati la gari unautoa mkono mbio. Mjomba alilisogeza gari kivulini, lakini kilio kile kilizidi kuwa chembamba.

"Usilie, Poni. Mimi iko najua hii gari," mjomba akaniambia. Akachomeka bisibisi kwenye ukingo wa plastiki, akakandamiza. Krak! Kona ikapata ufa mrefu kama kidole.

Mzee Adan akatoka dukani. Akautazama ule ufa. Mjomba akaanza kuomba radhi, mzee akamkatiza.

"Paka yuko hai?"

"Analia, Mzee."

"Basi vunja. Plastiki hailii."

Akageuka, akaingia ndani, akabamiza mlango. Nilijua amekasirika, tena kwa sababu yangu. Mjomba aliinua tena bisibisi, na hapo mama akafika, mikono imejaa unga.

"Wani, weka chini hiyo."

"Mzee mwenyewe amesema vunja!"

"Mimi iko nasikia. Weka chini."

"Sasa wewe imekuwa fundi ya gari?"

"Na wewe imekuwa fundi ya kuvunja?"

Mama alikuwa akipika kisra za kuuza, ile mikate myembamba kama karatasi. Alirudi jikoni, akaja na birika la maji ya moto, kitambaa, na gargariba yake, kile kipande chembamba cha kutandazia uji wa kisra kwenye bamba la moto. Wengine hutumia jani la mtende. Yeye alikikata kwenye jerikeni, na kazi ya miaka ilikuwa imelainisha makali yake yote.

Hakuvuta kitu. Kwanza alipitisha kidole polepole kuzunguka ile plastiki, kama anayetafuta mwiba mguuni mwa mtoto, mpaka akakuta kifuniko kidogo, na chini yake skrubu. "Hii ndiyo inashika," akasema. "Ungevuta, ingepasuka yote." Mjomba akaifungua kwa bisibisi. Wakang'oa mpira wa mlango uliokuwa umebana ukingo. Kisha mama akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakiweka juu ya plastiki kama anavyokanda mguu ulioteguka, akangoja iwe laini. Akaingiza gargariba karibu kabisa na klipu, akaizungusha kidogo. Tak.

"Shweya-shweya," akajiambia. Polepole. Akahamia klipu ya pili.

Ndipo kilio kikakatika.

"Mama, amenyamaza!"

"Nimesikia."

Mikono yake haikuharakisha hata kidogo. Wakati ule nilimchukia, nawaambieni ukweli. Kitambaa, gargariba, tak. Mwisho plastiki ikakunjuka kama ukurasa, mjomba akazamisha mkono hadi begani, akatoa kitu kilicholegea, mdomo wazi. Mama akachovya kidole kwenye maji ya mtungi, akakidondoshea tone mdomoni. Tukangoja. Paka akapiga chafya.

"Ya salaam!" mjomba akapiga kelele. "Chafya ya askofu!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikimbia kumwambia Mzee Adan. Nilimkuta nyuma ya magunia, amesimama akiutazama ukuta, vidole viwili ndani ya masikio. Nilimvuta kanzu.

"Wamemaliza?"

"Amepiga chafya."

"Alhamdulillahi." Akatoka nami, akamweka paka kiganjani, akamsugua tumbo kwa kidole gumba. Gari hakulitazama.

Nyumbani niliigiza mzee na vidole vyake masikioni. Mjomba alicheka tena. Mama hakucheka. Kwa miaka mingi niliamini mzee yule hakuweza kuvumilia kilio cha paka, na kwamba mama alijali zaidi plastiki ya watu kuliko machozi yangu.

Nilikuwa mkubwa nilipoelewa. Paka alikuwa ameshanyamaza. Mzee Adan aliziba masikio asisikie gari lake likivunjwa, na alijifungia ndani ili tusiuone uso wake. Tungeuona, mjomba angeiacha bisibisi, na paka angekufa huku sisi tukiomba radhi. Mama aliyajua hayo tangu mlango ulipobamizwa. Ndiyo maana hakuvunja.