Miezi Miwili ya Kifaransa Ng'ambo ya Mto

Nilikuwa nimefundisha miaka miwili tu katika shule moja ya mtaa wa Kabondo nilipochaguliwa kwenda kukaa likizo kubwa yote kwenye bweni la mapadri, ng'ambo ya mto. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Tulikuwa walimu kumi na wanane, wote tumemaliza shule ya ualimu. Asubuhi tulisoma Kifaransa, alasiri Kiflamandi, lugha ya pili ya wakoloni wetu, na mezani na uwanjani ni Kifaransa tena. Siku ya kwanza tulitia sahihi karatasi: atakayesema Kiswahili au Lingala mara tatu atarudishwa kwao bila cheti. Wenye cheti, tuliambiwa, wataitwa katika ofisi za serikali.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukamatwa mara mbili. Mara ya kwanza nilijikwaa kidole nikamwita mama. Mara ya pili nilikuwa nacheka na mpishi juu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyoungua.

Juma la saba mama mwenyewe alikuja. Alivuka kwa mtumbwi, akapanda kwa miguu na samaki wakavu aliowafunga katika majani. Wageni tuliruhusiwa kuonana nao katika chumba cha mbele tu, na padri mmoja kijana, msimamizi wetu, alikaa humo akisoma kitabu chake cha sala. Bawabu, mzee wa upande wetu, alisimama mlangoni.

"Papa yako iko mugonjwa," mama alisema. "Muti ya mitego ya samaki ilimuangukia kwa maporomoko. Anakuita."

Nilimjibu kwa Kifaransa. Nilisema nasikitika sana, nitakuja baada ya mtihani. Padri hakuinua macho, lakini kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya mstari.

Mama aliendelea kuningoja, kana kwamba sijaanza kujibu. Kisha akamgeukia bawabu.

"Anasema nini?"

"Anasema atakuja kisha mutihani."

"Mutihani iko lini?"

Bawabu alinitazama. Nikasema, kwa Kifaransa, siku kumi na moja. Naye akamfikishia.

Mama aliweka samaki juu ya kiti, akajifunga kitambaa chake upya, akaenda. Alipokwisha kutoka, padri alinisifu kwamba matamshi yangu yamesafika.

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilinyimwa ruhusa. Si kweli. Sikuiomba. Niliogopa kwamba wakinipa, nafasi yangu itapotea.

Baba alikufa siku ya nane tangu mama aje. Habari ilinifikia kesho yake, naye amekwisha kuzikwa, nikajiambia hakuna tena cha kukimbilia. Nilifanya mtihani. Nikawa wa pili.

Nilipofika nyumbani, watu wa matanga walikuwa wametawanyika. Tonton, mdogo wake baba, alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akasubiri mama aende kuteka maji.

"Papa yako alikuwa anauliza kila asubuhi kama umefika," aliniambia. "Mama yako alimujibu mutoni maji imejaa, mitumbwi haivuke. Alikufa anaamini vile."

Mama aliporudi na maji, nilimpokea ndoo.

Mwezi uliofuata niliitwa katika ofisi moja ya serikali mjini. Nilivaa koti la kuazima, nikamwamkia bwana mkubwa kwa Kifaransa nilichokuwa nimekitayarisha njia nzima. Alisoma cheti changu, akanirudishia, akanijibu kwa Kiswahili kile cha kumwambia boi wa jikoni: "Wewe ngoja inje."

Nilingoja mpaka saa sita. Walinipa kazi ya kupanga mafaili. Kiflamandi sikukisikia tena kinywani mwa mtu, na Kifaransa tulisemeana sisi weusi kwa weusi, tukisahihishana.

Mama aliishi miaka kumi na minne zaidi. Alinipikia, aliwalea wanangu, alinipokea kila Jumapili. Habari ya siku zile hatukuizungumza hata mara moja.